Kabuti la Mpiga Kengele

Ndiyo, ni mimi. Nasema mapema kwa sababu kila nikipita pale sokoni Ipagala naona watu wanagusana viwiko, na juzi binti mmoja muuza nyanya kaniuliza usoni kabisa, eti mama, ni wewe uliyefukuliwa huko Mpwapwa? Nikamjibu sikufukuliwa, nilifukiwa, tena nusu tu, halafu nikaondoka na aibu yangu nikazisahau nyanya palepale mezani kwake. Kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nanyi mnywe chai mcheke mmalize, maana inavyozunguka mtaani imeshatiwa chumvi mpaka nasikia nilikutwa nimekumbatia fuvu, jambo ambalo si kweli hata chembe (fuvu sikuliona, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapozima taa).

Perisi mnamjua. Kwa asiyemjua, ni jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwalimu, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, Mwanglikana tangu tumboni kwa mama yake. Mimi ni mshonaji, Mwislamu, nimezaliwa hapahapa Dodoma mjini, lakini ukiifuatilia damu yangu ni Mnyamwezi, babu zetu walikuja na misafara ya wafanyabiashara wakibeba mizigo mpaka wakachoka wakabaki. Na Mgogo na Mnyamwezi ni watani, kila mtu anajua. Misafara ilipokuwa inapita Ugogo, Wagogo walikaa kwenye visima vyao wakidai hongo, hulipi hunywi maji, na mpaka leo Perisi akiniona nimeingia kwake kuomba chumvi husema mpagazi kaja, alipe hongo kwanza, nami namjibu lete hicho kimlenda chako nigundishie viatu. Hivyo ndivyo tunavyoishi, miaka yote, na sijawahi kumwona amenuna.

Baba yake, Mzee Yeremia, alikuwa mpiga kengele wa kanisa lao la kijijini, lile la zamani walilojenga wamisionari. Alipokuwa akija mjini kwa matibabu alikuwa anakaa barazani kwangu karibu na cherehani, amevaa kabuti lake la kaki, refu mpaka magotini, zito, analivaa jua linawaka watu wote tunajipepea, na kofia ya pama iliyolegea ukingo. Kabuti lile nimelitia viraka mimi kwa mkono wangu mpaka nikawa nalijua kuliko nguo zangu. Alikuwa ananiambia, "Wewe Mnyamwezi, siku yangu ikifika usije ukakaa kimya kama mgeni. Wasinizike kwa kununa." Sasa mtu akikuambia hivyo, wewe mtani utafanyaje? Mimi nililichukua lile neno kama ruhusa yenye muhuri.

Mzee akafariki, Mungu amrehemu, kwa uzee tu, amelala usingizini. Tukakodi gari watu wa mtaa, tukaenda.

Lazima niwaeleze pale mahali palivyo, la sivyo hamtanielewa. Kijiji kiko njia ya kwenda Kibakwe, milima imekizunguka, na kanisa limejengwa kwa mawe, kuta nene, madirisha membamba membamba. Pembeni kuna mnara wa kengele umesimama peke yake, nyuma kuna nyumba ya kasisi ya tangu enzi za wazungu wa kwanza, ina nyufa unazoweza kuingiza mkono, halafu kuna shule ya zamani ambayo paa lilishaondoka zamani na zimebaki kuta na ubao mweusi ukiangalia mbingu. Katikati ya majengo hayo yote ndiyo makaburi. Ya wazungu yana misalaba ya mawe iliyoinama, maandishi yamelika, ya wengine hayana kitu, maana misalaba ya mbao ililiwa na mchwa zamani, kwa hiyo ukitembea pale hujui kama unakanyaga njia au unamkanyaga mtu. Na ule upepo wa kiangazi ulikuwa unapita kwenye kuta za shule ile unatoa sauti. Sikupapenda. Nilivyoshuka tu kwenye gari nywele zilinisimama, na mngejua mimi si mwoga wa hivyo, mngeelewa kwamba pale pale ningetakiwa kukaa chini na wenzangu nitulie.

Lakini nilipoingia nyumbani kwa marehemu kutoa pole, nikaliona kabuti limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na kofia juu yake.

Pale ndipo nilipoharibu. Mtani msibani huvaa nguo ya marehemu akamwigiza, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, wafiwa wakacheka katikati ya kilio, ndiyo kazi yetu hiyo. Shangazi yangu mimi aliwahi kuvaa koti na miwani ya marehemu kwenye msiba mmoja kule mjini watu wakagaragara. Nikasema na mimi leo nitamfanyia Mzee Yeremia kitu cha kukumbukwa. Nikalitoa kabuti, nikalikunja, nikalisokomeza kwenye mfuko wangu wa safari pamoja na kofia, na sikumwuliza mtu, kwa sababu utani wa kuomba ruhusa unakuwa utani gani tena?

Sasa na hili nalo mjue: sisi wanawake wa Kiislamu wa kwetu hatuendi makaburini kuzika. Wanaume wanabeba jeneza wanakwenda, sisi tunabaki nyumbani na vilio na masufuria. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, na kaburi lililo wazi sijawahi kuliona kwa macho. Nilikuwa nasikia tu kwamba watani wa kiume huingia kaburini wakalala, wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu, na katika akili yangu kaburi lilikuwa kitu cha kina cha kiunoni, unaingia, unalala, unatoka. (Msicheke. Nani angeniambia?)

Ibada ikaanza. Nikakaa benchi la mwisho, kwa heshima, nikasikiliza, na walipoanza kuimba nikanyanyuka taratibu kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nikazunguka nyuma. Ndani ya kuta za ile shule nikalivaa kabuti juu ya baibui langu, nikavaa kofia juu ya mtandio, na nilipochungulia nje nikaliona shimo, pale pale karibu na ukuta, lundo la udongo mwekundu pembeni, ngazi ya miti imesimamishwa ndani, na hakuna mtu. Nikasema Mungu kanirahisishia.

Nikashika ngazi nikashuka, na nikashuka, na nikashuka tena, mpaka nikawa nainua uso ndipo naona ukingo. Kulikuwa na baridi mle ndani wakati juu jua linachoma, na harufu ya udongo mbichi iliyochanganyika na kitu kingine, kama sanduku la zamani lililofungwa miaka. Chini upande mmoja kulikuwa kumetandikwa viroba. Nikadhani ni vya kulalia jeneza, sijui Wakristo wanatandika nini. Nikajilaza kando yavyo, nikavivuta viroba vile kidogo nijifunike, ili mtu akichungulia asinione mapema, nikaweka kofia usoni, nikaanza kujizoeza kikohozi cha Mzee Yeremia kwa sauti ya chini.

Nikasikia watu wanakuja. Nikabana kicheko. Kumbe ni wachimbaji, wawili, mmoja anaitwa Danieli na mwingine Lazaro (haya, chekeni), na mimi kule chini nasikia kila neno.

"Danieli, toa hiyo ngazi, wanaihitaji kule mnarani."

Ngazi ikapanda. Niliisikia inakwaruza ukuta wa udongo ikienda juu, lakini nikajiambia tulia Zuhura, wataileta, hawawezi kukuacha.

"Na hili je?"

"Hili tunalifukia sasa hivi. Kasisi kasema jeneza likitoka likute limefukiwa, watu wasije wakachungulia wakamwona yule."

"Si umemfunika?"

"Nimemtandikia viroba. Ila mbao zake zimeoza zote, maskini, sijui alizikwa enzi za nani."

Jamani. Sijui niwaeleze vipi. Nililielewa lile neno kipande kwa kipande. Kwanza nikaelewa kwamba hili si kaburi la Mzee Yeremia, lake liko kule mnarani, alikopigia kengele maisha yake yote, na hili walilianza asubuhi wakamfikia mtu wa zamani asiye na msalaba wakaacha. Halafu nikaelewa kwamba huyo mtu wanayemsema yuko chini ya viroba. Halafu nikaelewa kwamba viroba nimejifunika mimi.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umegusa kitu muda wote nikidhani ni mzizi.

Hapo nilipaswa kupiga ukelele ambao wangeusikia Mpwapwa mjini, sivyo? Ndivyo kila mtu anavyoniambia, mbona hukupiga kelele. Nawaambia sauti ilikataa. Nilifungua mdomo ukatoka upepo mtupu, kama ndoto zile unakimbizwa na miguu haiendi. Nilikuwa nimekakamaa, macho yametoka chini ya pama, ubavu mmoja umeegemea mbao za mtu aliyekufa kabla babu zangu hawajaacha kubeba mizigo, na nikasikia sepetu linachoma lile lundo.

Udongo wa kwanza ulinipiga miguuni. Wa pili tumboni. Walikuwa wamesimama nyuma ya lundo wanasukuma tu, hawachungulii, wanaongea habari za bei ya alizeti, na mimi nafukiwa. Hofu ile siwezi kuisimulia ikaeleweka, lakini nitawaambia nilichowaza, kwa sababu ni aibu nayo. Nilitoa shahada moyoni, halafu nikawaza malaika. Kwamba nikifa hapa malaika watakuja kunihoji, watamkuta mwanamke wa Kiislamu kwenye kaburi la Mkristo asiyejulikana, amevaa kofia ya pama na kabuti la mpiga kengele, na watauliza wewe nani, na mimi nitawajibu nini? Nitawaambia ni utani?

Udongo ukaja usoni, kofia ikasogea, ukaingia mdomoni. Nadhani ni huo udongo ulioniokoa, maana nilianza kupaliwa, na kupaliwa hakusubiri ruhusa ya mtu. Nikakohoa. Kikatoka kikohozi kikubwa kizito cha kutoka kifuani, na naapa sikukusudia, lakini kilikuwa ndicho kile kile cha Mzee Yeremia.

Masepetu yakasimama.

"Lazaro, umesikia?"

Nikajitahidi kuinuka, pindo la kabuti limekandamizwa na udongo, nikaweza kuinua mkono tu. Nikaunyoosha juu kadiri nilivyoweza, mkono wa kaki wenye kiraka changu mwenyewe kwenye kiwiko, vidole vimejaa udongo, nikisema "Nivu... nivuteni," kwa sauti ya kukwaruza ambayo hata mimi ilinitisha. Danieli na Lazaro wakachungulia. Sikuona sura zao vizuri kwa vumbi, niliona tu zimetokea, zimepotea, na masepetu yanaanguka, na mtu analia kwa sauti ya mtoto huku anakimbia, "Mzee Yeremia! Mzee Yeremia ametokea kule kwenye makaburi ya wazungu!"

Na wakati huohuo, mjue, jeneza lilikuwa ndiyo linatoka mlangoni.

Mimi niko shimoni, bado nakohoa, sioni kitu, nasikia tu. Nikasikia kwaya inaimba, halafu sauti za wanawake zikakatika, zikabaki za wanaume peke yake kidogo, nazo zikakatika moja moja. Nikasikia kishindo (waliliweka jeneza chini, ndivyo wanavyosema, wengine wanasema waliliacha tu na Mungu akalishika). Nikasikia miguu, mingi, inakwenda upande wa mbali. Akina mama wanaita watoto. Halafu kimya, na katika kile kimya miguu ya mtu mmoja inakuja upande wangu, inakimbia, viatu vinapiga mawe, inakuja moja kwa moja.

Ukingoni akatokea Perisi.

Alikuwa anahema, kitambaa cha kichwa kimemdondoka, na uso wake... uso ule niuache kwanza, nitaurudia. Aliniangalia. Mimi nikaondoa kofia nikasema, "Perisi, ni mimi, Zuhura, nitoe huku," na ule uso ukafunga. Akarudi nyuma, sikumwona tena.

Nikasikia watu wanarudi, sasa wanarudi kwa kundi, na sauti si za hofu tena. Mtu akikutwa kaburini, kavaa nguo ya marehemu ambaye hata hajazikwa, mchana kweupe, huko haulizwi jina. Vichwa vikajaa ukingoni, vijana wamesimama jua likiwa nyuma yao, na mmoja akasema lile neno nililokuwa naliogopa, "Mchawi," halafu wengine wakalirudia, na bonge la udongo likanipiga begani. Likaja jingine, na hili lilikuwa na jiwe ndani. Nikajikunja kwenye kona, nimemsahau hata yule wa chini ya viroba, nawaogopa walio hai kuliko yeye.

"Mimi mtani!" nikapiga kelele, sauti imerudi sasa, "Mimi Mnyamwezi! Mtani!"

Mama mmoja mzee akasukuma vijana akainama na fimbo yake, huyu ni Shangazi Foibe, dada yake marehemu, nilikuwa nimemwamkia asubuhi akanipa uji.

"Shikamoo shangazi," nikasema. (Kutoka shimoni. Adabu za mama yangu zilinishika hata pale.)

Hakuitikia. "Kila mchawi akikamatwa ni mtani," akasema. "Mtani wa nani?"

"Wa Perisi! Muulizeni Perisi!"

Akageuza kichwa. "Perisi, huyu ni mtani wako?"

Perisi hakujibu.

Nawaambieni, katika yote niliyoyapata siku ile, udongo, yule mfu, mawe, hakuna kilichonitisha kama kile kimya. Nilijua uhai wangu uko mdomoni mwa mtu mmoja tu, jirani yangu niliyekula naye chungu kimoja, na mtu huyo yuko hapo juu, amesikia, na hasemi. Upepo ulikuwa unapita kwenye zile kuta. Kijana mmoja alikuwa ameinua bonge amelishika tu, anasubiri. Nikaanza kulia, kilio cha makamasi, nikiita Perisi, Perisi, Perisi nisaidie.

Shangazi Foibe akauliza tena, taratibu. "Perisi. Ni mtani wako?"

"Ni mtani wangu," akasema Perisi, kwa sauti ambayo haikuwa na kitu ndani yake. "Mwacheni. Alipe hongo."

Basi. Kama mtu kafungua bomba. Shangazi Foibe ndiye aliyeanza, alicheka mpaka fimbo ikamdondoka ikanidondokea mimi, halafu akina mama wote, halafu vijana, yule wa bonge akalitupa pembeni akashika magoti, na hata kasisi, ambaye alikuwa amefika na joho lake limejaa mbigili, aligeuka akaangalia mnara muda mrefu huku mabega yanatikisika. Ngazi ikaletwa. Nikapanda nimetapakaa udongo mwekundu kuanzia utosini, nikiburuta kabuti, na watu wazima wananipisha njia wakisema mfufuka, mfufuka apite. Ukiwa mtani huchukiwi. Ndiyo sheria ya utani, umefanya ulilofanya, mfiwa hana haki ya kukasirika.

Mzee Yeremia alizikwa kule mnarani vizuri, na watu wanasema haijawahi kuonekana maziko ya kicheko kama yale. Perisi naye alicheka. Nilimwona. Na hongo yangu ilikatwa hapohapo na Shangazi Foibe: mpagazi ni mpagazi, abebe maji ya msiba mzima kutoka bombani, tena na kabuti lake mwilini mpaka jua lizame. Nikabeba. Ndoo kichwani, kabuti linanichoma, watoto wananifuata nyuma wakikohoa, na mimi nacheka pamoja nao kwa sababu nilikuwa hai, na nikajua nimesamehewa, mambo yamekwisha.

Asubuhi kabla gari halijaondoka nilimkuta Perisi nyuma ya jiko, anasugua masufuria kwa majivu. Nikachutama nimsaidie.

"Zuhura," akasema, bila kuniangalia.

"Abee."

"Wewe ni mtani. Siwezi kukukasirikia. Jana ningekukasirikia, shangazi angenigombeza mimi."

"Najua."

"Basi naomba usiwe mtani kidogo. Mpaka nimalize haya masufuria."

Nikajua kuna kitu.

"Jana watu wote walikimbia kwenda kule," akasema. "Mimi nikakimbia kuja kwako. Hujajiuliza kwa nini?"

"Nilidhani umenijua ni mimi."

"Ningekujuaje? Nilisikia wachimbaji wanalia kwamba baba katokea, nikafika nikaona mkono wa kabuti. Nikasikia kikohozi cha baba." Akaongeza majivu. "Wenzangu waliogopa. Mimi sikuogopa hata kidogo, Zuhura. Nilifurahi. Nikasema moyoni, wamekosea, baba hajafa, kaanguka shimoni anataka mtu wa kumvuta. Jeneza lipo pale, yumo ndani, nimemwosha mimi mwenyewe, na bado nikaliacha chini nikamkimbilia."

Sasa ule uso niliowaambia nitaurudia, ndio huo. Pale ukingoni, kabla sijavua kofia, Perisi alikuwa anatabasamu. Meno yote nje, kama mtoto aliyeona mtu wake stendi. Nilikuwa nimeuona, na kwa hofu yangu nilikuwa sijauelewa.

"Halafu ukavua kofia," akasema.

Nilishika sufuria tu.

"Shangazi aliponiuliza, nilimsikia. Nilimsikia mara ya kwanza." Akasugua, akasugua, mahali palepale palipokwisha ng'aa. "Nilikuwa nataka wakufukie."

Nikamwambia samahani. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo, na nilijua haitoshi, na yeye alijua, na akatikisa kichwa kama mtu anayepokea kitu kidogo kwa sababu ndicho kilichopo. Tulikaa hivyo. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi yananitoka, na hakuna aliyemfuta mwenzake kwa sababu mikono yote ilikuwa na majivu.

Alipomaliza la mwisho akalisuuza, akalifunika juu ya mengine, akajifuta uso kwa kiwiko.

"Haya, nimemaliza," akasema. "Mpagazi, beba."

Nikabeba. Utani naendelea nao mpaka leo, sijaacha, nitakaa njiani nikazuia watu, nitaficha mwiko wa msiba, nitadai soda, mniite kwenye misiba yenu kama mlivyozoea. Lakini nguo ya marehemu siitii mkono bila kuwauliza wanawe kwanza, maana mimi niliona kichekesho, na mwenzangu alimwona baba yake.